Ushahidi wa Wasioamini

Tangu karne za mwanzo za dini ya Kikristo, watetezi wake hawakutosheka na maandiko yao wenyewe, bali walikuwa na desturi ya kutoka nje na kubisha milango ya watu wasiowapenda, Warumi waliowadharau na Wayahudi waliowakana, ili wapate kwao neno moja au mawili ya kuithibitisha habari ambayo wao walikwisha kuisadiki. Sababu yake ni kwamba dini yao, tofauti na dini nyingi zilizoizunguka zama zile, ilifungamana na mtu aliyeuawa katika mji unaojulikana, wakati wa liwali anayejulikana. Na jambo likishafungwa kwenye mahali na zamani, kila mpita njia ana haki ya kuuliza ni nani mwingine aliyelisikia. Kadhi wa mwambao, aletewapo shahidi barazani, hutaka kujua kwanza kama mtu huyo ana nafuu yoyote katika kesi iliyo mbele yake: ndugu akimshuhudia nduguye, maneno yake hupokewa kwa tahadhari, lakini hasimu akikiri jambo linalomfaa hasimu wake, hapo hapana haja ya kuhoji sana. Ndivyo walivyoona watetezi wa Ukristo, na waliona sawa. Walakini si wote waliokuwa na subira ya kumwacha hasimu aseme kwa ulimi wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya taarikhi ya desturi hii ni habari za wale waliomsaidia kusema.

Ushahidi unaonipendeza kuliko wote ni wa mtu ambaye hakujua kwamba anashuhudia. Gaius Plinius alikuwa mwanasheria na bingwa wa kuandika barua, mtu wa adabu nyingi na wasiwasi mwingi, aliyetumwa na Kaisari Traianus yapata mwaka 110 kwenda kutengeneza mambo ya Bithinia na Ponto, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, ambako fedha za miji zilikuwa zimefujwa na vyama vya kila namna vimetia fitina. Huko alikutana na kadhia ambayo hakuwahi kuihudhuria alipokuwa Rumi: watu walioshtakiwa kwa kuwa Wakristo, naye hakujua kosa lao hasa ni lipi, kwamba ni jina lenyewe au ni maovu yaliyodhaniwa kufuatana na jina hilo. Akamwandikia bwana wake kumtaka shauri, na barua hiyo ingalipo hata leo, ya 96 katika kitabu cha kumi cha barua zake, pamoja na jibu la Kaisari.

Anaeleza jinsi alivyowauliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku akiwatishia adhabu, na waliokaza akaamuru wauawe, kwa hoja kwamba, vyovyote yalivyo hayo wanayoyakiri, ukaidi peke yake wastahili kuadhibiwa. Waliokuwa raia wa Rumi akawatenga ili wapelekwe Rumi. Kisha ikaletwa karatasi isiyo na jina la mwandishi, imejaa majina ya watu. Waliokana aliwapima kwa kuwataka wawaombe miungu, wafukize uvumba na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari, na kumlaani Kristo, mambo ambayo alikwisha kuambiwa kwamba Mkristo wa kweli hawezi kulazimishwa kuyatenda. Miongoni mwao walikuwamo waliosema kwamba zamani walikuwa Wakristo nao wakaacha, huyu miaka mitatu iliyopita, yule zaidi ya hiyo, na mmoja mmoja hata miaka ishirini. Na hawa, ambao hawakuwa tena na sababu yoyote ya kuipamba dini waliyoikimbia, ndio waliomweleza yaliyokuwa yakifanyika. Walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakiimba kwa kupokezana wimbo wa kumtukuza Kristo kana kwamba ni mungu, na kujifunga kwa kiapo, si kwa ajili ya uovu wowote, bali kwamba hawataiba, hawatanyang'anya, hawatazini, hawatavunja ahadi, wala hawataikana amana mwenyewe ajapo kuidai. Baadaye hutawanyika, na kukutana tena kula chakula, nacho ni chakula cha kawaida kisicho na hatia.

Plinius hakuridhika. Akaona ni lazima kuwatesa wanawake wawili watumwa, ambao Wakristo wenyewe waliwaita wahudumu, ili apate ukweli uliofichwa, asipate kitu ila kile alichokiita ushirikina mbovu uliopita kiasi. Hata hivyo anakiri kwamba jambo hili limewaingia watu wa kila umri na kila daraja, wanaume kwa wanawake, mijini, vijijini na mashambani, hata mahekalu yakawa karibu ya kuhamwa na dhabihu zikakosa wanunuzi. Naye anajisifu kwamba, kwa juhudi zake, biashara hiyo imeanza kuchangamka tena. Sitashangaa ikiwa mashtaka ya kwanza yalitoka kwa watu wa soko la dhabihu, ingawa Plinius hasemi. Jibu la Traianus ni fupi: wasitafutwe, wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, na karatasi zisizo na majina zisipokewe kabisa, maana ni mfano mbaya usiofaa zama zake.

Tazama basi ni nini tulichopewa hapa bure. Yapata miaka themanini tu tangu msalaba, katika majimbo yaliyo mbali na Yerusalemu safari ya wiki nyingi, liwali asiyeipenda dini hii anatuambia kwamba wafuasi wake walimwimbia Kristo kama aimbiwavyo mungu, wakala pamoja, wakaapa kutunza amana, na wengine wao wakafa kuliko kumlaani. Mtu anayedai kwamba ibada ya Kristo ilibuniwa na maaskofu wa karne ya nne ana kazi ya kuiondoa barua hii njiani mwake. Nao wako waliojaribu kuiondoa, kwani nuskha pekee iliyokamilika ya kitabu cha kumi ilionekana Paris yapata mwaka 1500, ikatumika na Aldus Manutius kupiga chapa barua zote huko Venice mwaka 1508, kisha ikapotea isionekane tena. Na kitu kilichopotea namna hiyo hukaribisha shaka. Lakini Tertullianus, mwanasheria mkali wa Karthago, aliitaja kadhia hii ya Plinius na jibu la Traianus tangu mwaka 197 hivi, akimcheka Kaisari aliyekataza wasitafutwe kana kwamba hawana kosa, na kuagiza waadhibiwe kana kwamba wanalo.

Rafiki yake Plinius, Cornelius Tacitus, aliyekuwa liwali wa jimbo la Asia karibu na wakati uleule, aliandika taarikhi ya makaisari kwa kalamu isiyomhurumia mtu. Afikapo mwaka 64, anasimulia jinsi moto ulivyoula mji wa Rumi, ambao kati ya mitaa yake mikuu kumi na minne, ni minne tu iliyosalimika, mitatu ikateketea hata chini, na saba ikabaki magofu. Na jinsi Nero, alipoona kwamba uvumi wa kuuwasha moto ule haumwondokei, alivyowatwika lawama watu ambao umma uliwachukia kwa sababu ya maovu yao na kuwaita Wakristo. Hapo, kwa sentensi moja ya kuwafahamisha wasomaji wake, anasema kwamba jina hilo limetokana na Kristo, aliyeuawa katika utawala wa Tiberio kwa hukumu ya Pontio Pilato, na kwamba ushirikina ule mbaya, ukiisha kuzimwa kwa kitambo, ulizuka tena si katika Uyahudi tu, bali hata Rumi, ambako kila jambo la kuchukiza kutoka pande zote za dunia hukusanyika na kushabikiwa.

Mghushi Mkristo asingeandika hivi. Matusi haya ndiyo muhuri wa sentensi hii, wala haidhuru kwamba sehemu hiyo ya kitabu imetufikia kwa nuskha moja tu ya karne ya 11, iliyonakiliwa katika monasteri ya Monte Cassino na kuhifadhiwa Florence. Lakini insafu yatutaka tuseme na la upande wa pili: Tacitus hakutaja alikoipata habari yake. Pengine aliiona katika hati za serikali, pengine aliisikia kwa Plinius, pengine kwa Wakristo wenyewe waliofikishwa mbele ya baraza yake kule Asia. Na ikiwa ni hivyo, shahidi huyu wa nje amerudia tu waliyoyasema wa ndani. Kinachobaki bila kupingwa ni kwamba mtu huyo mwenye chuki na ujuzi hakuona sababu ya kuitilia shaka habari ya mauti ya Kristo mikononi mwa Pilato.

Wakristo wengi wa zamani hawakuridhika na sentensi chache namna hii. Mnamo miaka ya 150, Justinus, mwanafalsafa aliyekuja kuuawa kwa imani yake, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius na kumwambia kwamba aweza kuyahakikisha mambo ya msalaba kwa kuzitazama taarifa za zamani za Pilato. Huenda alidhani tu kwamba taarifa hizo lazima zipo, kama ilivyo desturi ya serikali. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzionyesha, baadaye watu walizitengeneza. Tena waliotangulia kupata fahari ya jambo hilo ni maadui: yapata mwaka 311, Kaisari Maximinus Daia alieneza taarifa za Pilato zilizojaa kufuru, akaamuru walimu wa shule wawafundishe watoto kwa moyo. Wakristo nao walikuwa na taarifa zao za Pilato, za kumsifu Kristo. Kadhalika zilitokea barua kumi na nne za urafiki baina ya Paulo Mtume na Seneca, mwalimu wa Nero, ambazo Hieronymus, mwanachuoni wa kanisa la kale, alizitaja bila kuzikataa, na ambazo msomaji yeyote aliyepata kumsoma Seneca wa kweli atashangaa jinsi mtu mwenye ufasaha ule alivyogeuka bubu ghafula.

Katika vita hivyo vya hati za uongo, Eusebius, askofu wa Kaisaria na baba wa taarikhi ya kanisa, alifanya jambo moja la kusifiwa sana. Hakuzijibu taarifa za Maximinus kwa hasira, alitazama tarehe. Taarifa zile zilisema kwamba Yesu aliuawa katika mwaka wa saba wa Tiberio. Eusebius akafungua kitabu cha Josephus, Myahudi, akaonyesha kwamba Pilato hakufika Uyahudi ila katika mwaka wa kumi na mbili wa utawala huo. Liwali hawezi kuhukumu miaka mitano kabla ya kuwasili. Huo ndio ushahidi wa nje ukitumiwa kama upasavyo. Na ni kitabu kicho hicho cha Josephus, tena kwa kalamu ya Eusebius yuyo huyo, kinachotuletea fumbo kubwa kuliko yote katika habari hii.

Josephus alizaliwa Yerusalemu mwaka 37 katika ukoo wa makuhani, akaongoza vita vya Wayahudi katika Galilaya, akajisalimisha kwa Warumi mwaka 67, na kumaliza maisha yake Rumi, akila riziki ya makaisari na kuwaandikia Warumi taarikhi ya kaumu yake. Kitabu chake kikubwa cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, chenye juzuu ishirini, kilikamilika mwaka 93 au 94. Katika juzuu ya ishirini anasimulia kisa cha kuhani mkuu Anano mdogo, ambaye mwaka 62, liwali Festo akiwa amekufa na liwali Albino hajafika bado, alikusanya baraza na kumwua kwa mawe Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, pamoja na watu wengine. Jambo ambalo wenyeji walioshika sana sheria walilichukia, wakalishtaki, na Anano akavuliwa ukuhani baada ya miezi mitatu tu. Habari hii haina pambo hata moja. Jina la Yesu limeingia humo kwa haja ya kumtambulisha Yakobo tu, nalo limeambatanishwa na neno aitwaye kwa kuwa watu wenye jina hilo walikuwa wengi katika kitabu kizima. Ni wataalamu wachache waliothubutu kuikataa.

Juzuu ya kumi na nane ndiyo yenye mgogoro. Humo, kati ya ghasia za zamani za Pilato, pana maneno machache juu ya Yesu, mtu mwenye hekima, mtenda matendo ya ajabu na mwalimu, ambaye Pilato alimhukumu msalaba kwa mashtaka ya wakuu wa Wayahudi, na ambaye kabila ya wafuasi wake haijatoweka hata leo. Mpaka hapo ni maneno ya Myahudi mwenye kutazama kwa mbali. Lakini nuskha zote za Kiyunani tulizo nazo, ambazo ya kale kuliko zote kwa sehemu hiyo ni ya karne ya 11, zinaongeza kwamba hata kumwita mtu pengine haifai, kwamba yeye ndiye aliyekuwa Kristo, na kwamba aliwatokea wafuasi wake siku ya tatu akiwa hai tena kama walivyotabiri manabii. Mtu anayeyasadiki hayo ni Mkristo, na Josephus hakuwa Mkristo. Origenes, mwanachuoni Mkristo aliyekisoma kitabu hicho karibu miaka sabini kabla ya Eusebius, alisema waziwazi kwamba mwandishi wake hakumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo. Basi, baina ya Origenes na nuskha za Eusebius, mkono wa mtu mwema ulipita ukaongeza chumvi, na chakula chote kikaharibika: kwa kutaka kumfanya shahidi aseme zaidi, mtu huyo aliwapa wapinzani wa karne za baadaye haki ya kumkataa shahidi mzima.

Hapo ndipo inaponijia heshima kubwa kwa Nathaniel Lardner, mchungaji wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1684, asiyesifika kwa mahubiri, ambaye masikio yake yaliharibika hata akawa haongei na watu ila kwa maandishi. Kazi yake ya kuthibitisha kuaminika kwa taarikhi ya Injili alianza kuichapisha mwaka 1727 akaendelea nayo miaka thelathini; kisha, baina ya mwaka 1764 na 1767, akiwa mzee wa miaka themanini hivi, akatoa majuzuu manne ya ushahidi wa Wayahudi na wapagani wa kale juu ya dini ya Kikristo. Hapana mtu aliyekuwa na haja zaidi ya Josephus kuliko yeye. Naye, baada ya kupima kwamba hapana mwandishi aliyeyatumia maneno yale kabla ya Eusebius, kwamba yanakata mfululizo wa habari, na kwamba yananuka lugha ya kanisa, aliyatupa yote. Wenziwe walimlaumu. Leo wengi husema kwamba alitupa kupita kiasi, na kwamba chini ya maongezo kuna kiini cha Josephus mwenyewe. Mimi nami nakubaliana nao. Lakini mtetezi wa imani anayelitupa jiwe analolitaka kuliko yote, kwa kuwa amelishuku, ni mtu ambaye ushahidi wake mwingine utasikilizwa.

Dhana ya kiini hicho ilipata nguvu kutoka upande ambao wasomaji wa Kiswahili wataufurahia. Mahbub bin Qustantin, askofu wa Manbij katika nchi ya Shamu, aliandika kwa Kiarabu katika karne ya 10 taarikhi ya ulimwengu, na humo akayanukuu maneno ya Josephus kwa sura ya upole zaidi: wanafunzi ndio waliosema kwamba aliwatokea, na huenda yeye ndiye aliyekuwa Masihi. Shlomo Pines, mwanachuoni wa Yerusalemu, alipoyatangaza maneno hayo mwaka 1971, wengi walidhani kwamba Josephus asilia amepatikana mafichoni mwa Kiarabu. Wengine wamejibu kwamba Mahbub alichota kwenye tafsiri ya Kisiriani ya Eusebius, wala hakuwa na nuskha nyingine ya Josephus. Mjadala haujafungwa, lakini si jambo dogo kwamba katika baadhi ya maandishi ya Wakristo wa Mashariki lile neno zito, kwamba alikuwa ndiye Kristo, lilikuwa halipo.

Karne za 19 na 20 zilileta mashahidi wa namna nyingine, wasioweza kuongezewa chumvi kwa urahisi, maana ni mawe. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinawaita wakuu wa mji wa Thesalonike kwa cheo ambacho hakikuonekana kwa mwandishi yeyote wa Kiyunani, hata wakosoaji wakadhani kwamba mwandishi amekibuni. Lakini cheo hicho kilikuwa kimechongwa juu ya lango la Vardar la mji wenyewe, ambalo lilipobomolewa mwaka 1876 jiwe lake lilipelekwa London. Mwaka 1905 vikatangazwa vipande vya barua ya Kaisari Klaudio vilivyochimbuliwa Delphi, vinavyomtaja Galio, ndugu yake Seneca, kuwa liwali wa Akaya, na kwa hesabu ya vyeo vya Kaisari barua ni ya mwaka 52 hivi. Kwa hiyo kesi ya Paulo mbele ya Galio huko Korintho, iliyosimuliwa katika Matendo, ikapata mwaka wake, na safari zote za Paulo zikapata pa kufungwa. Mambo haya hayathibitishi mwujiza hata mmoja. Yanathibitisha kwamba mwandishi wa Matendo aliijua dunia aliyoiandikia, na yeyote atakaye kuyatwika mawe haya mzigo wa ufufuo anafanya kosa lilelile la yule mnakili wa Josephus.

Mwaka 1961, Waitalia waliokuwa wakichimbua ukumbi wa maonyesho wa Kaisaria, chini ya uongozi wa Antonio Frova, waligeuza jiwe la chokaa lililokuwa limetumiwa tena kama ngazi, wakaona juu yake herufi za Kilatini zilizochakaa upande wa kushoto: jengo la kumheshimu Tiberio, na jina la Pontio Pilato, pamoja na cheo chake, mkuu wa Uyahudi. Ni maandishi ya kwanza ya jiwe, ya zama zake mwenyewe, yaliyopata kuonekana na jina lake. Cheo kilichochongwa ni praefectus, yaani mkuu wa kijeshi, ilhali Tacitus alimwita procurator, cheo ambacho maliwali wa Uyahudi walikuja kukichukua baadaye, tangu zama za Klaudio, na ambacho ndicho kilichokuwa kikisikika siku Tacitus alipoandika. Hata yeye, mwenye kuzifahamu ofisi za dola kuliko karibu mtu yeyote wa karne yake, alimvisha Pilato joho la zama za baadaye. Waandishi wa Injili, wasiokuwa na ujuzi wa aina hiyo, walimwita kwa neno la jumla tu, liwali, nalo halikuwa na haja ya kusahihishwa.